Panya Mmoja, Mashimo Matatu

Kishale kimeganda tena pembeni mwa kioo,
pale pale inapoandikwa saa,
na saa inaendelea bila aibu:
tatu na kumi, tatu na kumi na moja.
Nakisukuma kipanya. Nakivuta. Nakigonga mezani kidogo,
kama mtu anayeamsha mgeni aliyelala kupita kiasi.

Waliosema panya wengi hawachimbi shimo
hawakuniachia neno kuhusu panya mmoja
mwenye mashimo matatu.

Maana ndivyo tulivyo hapa Kadutu, katika chumba hiki cha mbao
juu ya ngazi za udongo:
kompyuta tatu, kioo kimoja, kibodi moja, kipanya kimoja,
na katikati kisanduku cheusi chenye vitufe.
Bonyeza moja, uko kwa Cirhuza.
Mbili, uko kwangu Nsimire,
kwenye barua za wapangaji na vyeti vya ubatizo.
Tatu, printa.
Kisanduku tulikinunua pamoja, nusu kwa nusu,
tukabishana wiki nzima nani akae karibu na dirisha.

Mwanafunzi amesimama mlangoni, mvua ikimchuruzika masikioni.
Kurasa sitini na nne. Kesho asubuhi anasimama mbele ya walimu.
"Mama, iko nakataa?"
"Haikatai. Inafikiri."

Nachomoa waya, napuliza tundu, narudisha.
Nakipindua tumbo juu: lile jicho jekundu limezimika.
Jana lilikuwa hafifu, nikaulaumu ulaini wa meza,
nikakitandikia kipande cha kitenge;
kikatembea hatua mbili, kikachoka.
Nahamisha: kipanya tundu la kibodi, kibodi tundu la kipanya.
Sasa vimenuna vyote viwili.
Nazima, nawasha, nahesabu hadi thelathini kama alivyonifundisha Cirhuza
(yeye alikuwa akifika kumi na mbili tu, kisha anadanganya).
Mwishowe nakichomeka moja kwa moja kwenye mashine yangu,
bila kisanduku, bila mpatanishi,
na kinakimbia kama mtoto aliyetumwa sukari akaambiwa abaki na chenji.

Basi kipanya hakina kosa.
Nakiomba radhi kimoyomoyo, kwa yale niliyokiita asubuhi.

Kosa liko njiani. Napiga magoti chini ya meza na tochi ya simu,
nafuata waya kwa vidole kama anayetafuta chawa.
Wa pili, mzima. Wa tatu, mzima.
Wa kwanza unaishia mgongoni mwa kompyuta ya Cirhuza,
ile niliyoizima mwenyewe Jumatatu
nikisema: yuko Kalemie, hajapiga simu tangu Pasaka,
na mashine yake inakula umeme wangu bure.

Bure.
Kisanduku hakina waya wake wa ukutani. Hakijawahi kuwa nao.
Nyaya hizi mbili hubeba maneno tu;
ule wa kwanza ndio uliokuwa unabeba chakula.

Naiwasha. Feni inakohoa vumbi la siku nne.
Juu ya kitenge jicho linafumbuka, jekundu,
na mwanafunzi anapiga makofi mara moja, kisha anaona haya.

Nabonyeza moja, kuhakikisha tu.
Kioo cha Cirhuza ni kitupu, isipokuwa faili moja
liitwalo Madeni.
Yake au yangu, halisemi.
Kishale kinateleza hadi juu yake
bila kukwama hata mara moja,
kinasimama.

"Mama? Mvua imepungua."

Tatu.
Printa inavuta pumzi, ukurasa wa kwanza unatoka na joto lake,
kisha wa pili, umepinda kidogo, naunyoosha kwa kiganja.
Nyuma yangu ile mashine inanguruma,
haina kazi yoyote.